Usukani Unaotikisika: Sehemu za Mbele za Gari la Kazi katika Barabara za Masasi na Newala

Msafiri atokaye Lindi au Mtwara kwenda Masasi kwa njia ya bonde la Lukuledi hupita Nanganga, mahali ambapo barabara iendayo Ruangwa huchepuka. Hapo ndipo, miaka michache iliyopita, pikapu tuliyokuwa tukisafiria ilipoanza kutikisa usukani kwa nguvu ambayo sikuwahi kuiona maabarani. Gurudumu la kulia liliingia katika shimo dogo, mwendo ukiwa kilomita 60 hivi kwa saa, na papo hapo magurudumu yote mawili ya mbele yakaanza kupiga kushoto na kulia, kama miguu ya mtu mwenye homa ya baridi. Usukani ulimponyoka dereva mikononi. Nyuma tulikuwa tumebeba mabomba ya maji ya shule moja ya Newala, na juu ya mabomba hayo walikaa watu wanne.

Dereva alikuwa mtu mzima, naye hakupiga breki. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akaukumbatia usukani, akaacha gari lipunguze mwendo lenyewe. Lilipofika kilomita 25 hivi kwa saa mtetemo ukakoma ghafla, kana kwamba hapakuwa na jambo. Tukasimama kando ya barabara, nasi tukatafuta fundi.

Fundi tuliyempata alikuwa kijana mwenye gereji yake chini ya mwembe. Alilizunguka gari mara moja tu. "Shikamoo mzee," alisema. "Dawa ya hii ni shokapu mpya ya usukani, na tuongeze majani mawili ya springi kila upande. Mbele imelala." Ni ushauri ambao msomaji atausikia katika gereji nyingi, kutoka Masasi hadi Dar es Salaam. Sehemu yake ni kweli, lakini kama tungaliufuata peke yake tungaliondoka Nanganga tukiwa tumeuficha ugonjwa badala ya kuutibu. Makala haya yanaeleza kwa nini, kwa kutumia fizikia ambayo mwanafunzi wa sekondari anayo tayari.

Kwanza tulitazame gari lenyewe. Lilikuwa Toyota Land Cruiser ya miaka ya 1980, gari la kazi la aina ya zamani. Mbele lina ekseli moja ngumu, yaani mhimili mmoja wa chuma utokao gurudumu la kushoto hadi la kulia, nao umefungwa kwa yubolti juu ya springi mbili za majani. Kila springi ina jicho moja lililofungwa kwenye chesisi kwa pini isiyosogea, na jicho jingine limening'inizwa kwa sheko ili springi ipate nafasi ya kurefuka inapobonyezwa. Katika gari hili sheko ziko upande wa mbele. Msomaji akumbuke jambo hilo, kwa maana tutalirudia. Gurudumu hugeuka juu ya kifundo kinachozunguka kwenye beringi mbili, moja juu na moja chini. Usukani huzungusha boksi la gia, boksi huusukuma mkono wa chuma, mkono huivuta draglinki, na draglinki hukigeuza kifundo kimoja. Kifundo cha pili hugeuzwa na tairodi inayoyaunganisha magurudumu mawili. Kila kiungo katika mnyororo huo ni kidude chenye kichwa cha mviringo ndani ya kikombe, mfano wa nyonga ya binadamu.

Mwenye gari alikuwa ameliboresha. Barabara za vumbi za kupanda uwanda wa Makonde zina makorongo yachimbwayo na mvua, naye alitaka tumbo la gari lisikwaruze. Kwa hiyo aliweka sheko ndefu zaidi kwa sentimita 5, akaweka na tairi kubwa na nzito kuliko zile za kiwandani. Gari lilipendeza machoni, nami nakiri kwamba nilipoliona mara ya kwanza nililisifu.

Sasa tuueleze mtetemo. Mwalimu anaweza kuuonyesha darasani kwa gurudumu la mbele la baiskeli lililofunguliwa. Mwanafunzi alishike kwa mhimili, mkono mmoja kila upande, gurudumu likiwa limesimama wima mbele yake, na mwenzake alizungushe kwa nguvu kana kwamba linakwenda mbele. Kisha mwanafunzi ashushe mkono wa kushoto. Ataona kwamba gurudumu halikubali kulala tu upande wa kushoto. Linageuka lenyewe kuelekea kushoto. Na akilazimisha kuligeuza kushoto, litataka kuinua mkono wa kushoto na kushusha ule wa kulia. Hii ndiyo tabia ya kila kitu kizito kinachozunguka, na ndiyo inayotumiwa na jairoskopu zinazoongoza meli na ndege.

Ekseli ngumu ni kama mikono hiyo miwili. Gurudumu la kulia likirushwa juu na shimo, ekseli nzima inalalia kushoto, na magurudumu yote mawili yanataka kugeuka kushoto. Kugeuka huko nako kunalikandamiza gurudumu la kulia chini. Ekseli inarudi, inapitiliza, inalalia kulia, magurudumu yanageuka kulia, na mchezo unaanza upya. Katika gari zima mzunguko huu hufa baada ya pigo moja au mawili, kwa sababu msuguano wa viungo, shokapu na mpangilio wa pembe za magurudumu huumeza. Katika gari bovu hakuna cha kuumeza, na kila pigo linaongeza nguvu ya pigo lifuatalo. Tairi nzito huzidisha jambo hilo, maana kadiri uzito unaozunguka unavyokuwa mkubwa na unavyokuwa mbali na kitovu, ndivyo nguvu ya kugeuza inavyokuwa kubwa. Ndiyo sababu mtetemo wetu ulihitaji mwendo fulani ili uanze, nao ukatoweka mwendo uliposhuka.

Kinga ya kwanza dhidi ya mtetemo huo ni pembe ambayo mafundi huiita kasta. Tazama baiskeli: uma wa mbele haukusimama wima, umelala kwa nyuma. Ukiurefusha mstari wa uma hadi ardhini, unaigusa ardhi mbele kidogo ya mahali tairi inapogusa. Hivyo tairi inaburutwa nyuma ya mstari wa kugeukia, na kitu kinachoburutwa hunyooka chenyewe. Katika gari, mstari huo unapita katika beringi mbili za kifundo. Tuseme kasta ni digrii 3 na kimo kutoka kitovu cha gurudumu hadi ardhini ni sentimita 40. Umbali wa kuburutwa ni 40 × tan 3°, yaani karibu sentimita 2.1. Si umbali mrefu, lakini ndio unaoushika usukani unyooke.

Je, sheko ndefu zilifanya nini? Zilishusha jicho la mbele la springi sentimita 5, ilhali jicho la nyuma lilibaki palepale. Urefu kutoka jicho hadi jicho ni sentimita 110 hivi. Springi nzima iliinama mbele kwa pembe ambayo tanjiti yake ni 5/110, ambayo ni digrii 2.6. Ekseli imefungwa kwenye springi, nayo haina budi kuinama pamoja nayo: sehemu yake ya juu ilikwenda mbele. Kutoka digrii 3 zikabaki 0.4 tu. Umbali wa kuburutwa ukashuka kutoka sentimita 2.1 hadi milimita 3. Kwa maneno mengine, mwenye gari alinunua kimo, na bei yake ilikuwa karibu kasta yote. Katika gari ambalo sheko zake ziko nyuma ya springi mambo huwa kinyume, kasta huongezeka. Kwa hiyo lililomfaa jirani yako laweza kukudhuru wewe.

Fundi alipendekeza tuweke kabari ya chuma kati ya springi na ekseli ili kuirudisha ekseli nyuma. Njia hiyo hutumika, na kasta hurudi kweli. Lakini ekseli ya mbele ya gari la aina hii ina difu, na difu ina shingo inayopokea shafti kutoka gia boksi. Ukiirudisha ekseli kwa kabari huku gari likiwa limeinuliwa, shingo hiyo inaelekea chini na shafti inavunjika pembe kali zaidi kwenye viungo vyake. Ukiponya huku unaumiza kule. Tuliamua kurudisha sheko za urefu wa kiwandani. Mwenye gari hakufurahi.

Tukija kwenye springi, ushauri wa kuongeza majani unastahili hesabu yake. Ugumu wa springi ya majani ya unene mmoja huongezeka sambamba na idadi ya majani. Tuseme springi ina majani 5, nayo hubonyea sentimita 10 chini ya uzito wake wa kawaida. Idadi ya mitetemo kwa sekunde ya mwili wa gari juu ya springi hiyo hupatikana kwa kugawanya kipeuo cha pili cha g/d kwa 2π, ambapo g ni mita 9.81 kwa sekunde mraba, na d ni kule kubonyea. Jibu ni 1.6 hivi. Ukiongeza majani 3, ugumu unazidi mara 1.6, kubonyea kunashuka hadi sentimita 6.25, na mitetemo inapanda hadi 2 kwa sekunde. Tofauti hiyo yaonekana ndogo katika karatasi, lakini aliyekaa juu ya mabomba huihisi mgongoni. Muhimu zaidi ni kwamba springi ngumu haishuki upesi kulifuata shimo. Gurudumu lisiloigusa ardhi haliwezi kuongoza gari wala kulisimamisha. Ukweli ni kwamba mbele ya gari letu ilikuwa imelala kwa sababu jani la kwanza, lile refu lenye macho, lilikuwa limepoteza mkunjo wake na jingine lilikuwa limevunjika karibu na bolti ya katikati. Springi ya namna hiyo haihitaji kuongezewa. Inahitaji kubadilishiwa majani mabovu, au ibadilishwe yote, pande zote mbili kwa pamoja.

Hapa niseme neno juu ya barabara zenyewe. Wengi wetu tumepita katika barabara ya vumbi yenye mawimbi madogo yaliyopangana kama bati. Mwaka 1963 Keith Mather alieleza majaribio yake yaliyoonyesha kwamba gurudumu likipita mara nyingi juu ya mchanga mkavu, kwa mwendo uliozidi kiasi fulani, mawimbi hujitokeza yenyewe, na majaribio yaliyochapishwa mwaka 2007 yalithibitisha hata bila springi yanatokea. Tuseme mawimbi yameachana sentimita 70 na gari linakwenda kilomita 30 kwa saa. Magurudumu yanapigwa mara 12 kila sekunde. Ekseli nzito inayorukaruka juu ya mpira wa tairi ina mtetemo wake wa asili wa mara 10 hadi 15 kwa sekunde. Mapigo ya barabara na mtetemo wa ekseli vinaoana, na kila kiungo cha usukani kinagongwa maelfu ya mara kabla ya chakula cha mchana.

Na katika viungo hivyo mna vumbi. Udongo wa uwanda wa Makonde ni mchanga mwekundu, na chembe za mchanga zina kwatzi, madini ambayo ni magumu kuliko chuma cha kawaida. Mpira unaofunika kiungo ukipasuka, grisi hugeuka kuwa dawa ya kusugulia. Mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ambao ulifika hadi Nachingwea, ulijifunza kwa hasara kubwa kwamba mitambo iliyotumika vitani haidumu katika ardhi yetu kwa kutegemea nguvu yake tu. Reli iliyojengwa kwa ajili ya mpango huo ilifungwa mwaka 1962, na tangu hapo mizigo ya bonde hilo, pamoja na korosho, imebebwa na magurudumu ya mpira.

Turudi chini ya mwembe. Mimi nilikaa kwenye kiti cha dereva, injini ikiwa imezimwa, nikawa nageuza usukani kidogo kushoto na kulia. Fundi alilala chini akaweka kiganja juu ya kila kiungo, kimoja baada ya kingine. Njia hii haina gharama, na mkono wa binadamu huhisi kulegea kwa chini ya milimita moja. Kwenye kichwa cha draglinki aliniita nishuke. Nati inayokishika kiungo hicho ina meno, na kati ya meno hupita splitipini ili nati isifunguke. Badala ya splitipini palikuwa na msumari uliokunjwa. Msumari ulikuwa umelika hadi kubaki kama uzi, na nati ilikuwa imekwisha kurudi nyuma nyuzi tatu.

Sikusema kitu kwa muda. Tulikuwa tumekusudia kupanda kwenda Newala jioni ile, na kuteremka kesho yake.

Kulegea kwa kiungo kama hicho hukuzwa kinapofika mikononi mwa dereva. Ikiwa mkono wa boksi la usukani una urefu wa sentimita 20, kulegea kwa milimita 2 ni pembe ya radiani 0.01, yaani digrii 0.57. Ikiwa boksi hupunguza mzunguko mara 20, usukani utazunguka digrii 11.5 kabla magurudumu hayajapata habari. Kwa usukani wenye nusukipenyo cha sentimita 20, hiyo ni sentimita 4 kwenye ukingo wake. Kwa hiyo dereva anayesema "usukani una mchezo wa vidole viwili" anataja, bila kujua, kipimo cha kulika kwa chuma alichokalia.

Baada ya hapo tuliinua ekseli kwa jeki, tukaiegemeza juu ya magogo imara, kwa maana jeki peke yake si ya kumwamini mtu akiwa chini. Fundi alilishika gurudumu juu na chini akalitikisa. Lilicheza. Nikakanyaga breki, akatikisa tena, bado likacheza. Jaribio hili dogo latofautisha mambo mawili: mchezo ukipotea breki inapokanyagwa, ubovu uko katika beringi za gurudumu, ukibaki, uko katika beringi za kifundo. Zetu zilikuwa za kifundo, tena zilikuwa zimechimbika vishimo mahali roli zake zilipogongwa siku zote. Kifundo chenye beringi hizo hakina msuguano ulio sawa, hulegea katikati, mahali pale pale ambapo mtetemo huzaliwa. Shokapu mpya ya usukani ingalituliza pigo kwa miezi michache, na beringi zingaliendelea kufa kimya kimya.

Tulilala Masasi na kununua vipuri asubuhi. Beringi mpya hukazwa kwa kuongeza au kupunguza vibati vyembamba chini ya kifuniko chake, kisha kifundo huvutwa kwa mizani ya springi, tairodi ikiwa imefunguliwa, na kipimo hulinganishwa na kitabu cha gari. Mizani ya maabara ya shule, ile ya kilo 10, inatosha kabisa. Mizani ya korosho haifai.

Kulikuwa na mabishano juu ya tairodi. Ilikuwa imepinda, nayo ilikwisha kuungwa kwa welding mahali pamoja. Mwenye gari aliuliza kama haiwezi kunyooshwa kwa moto. Jibu ni hapana, nalo lina sababu. Vyuma vya usukani huhitaji kustahimili kukunjwa bila kuvunjika. Moto wa welding hufikisha sehemu nyembamba ya chuma kwenye joto kubwa mno, na chuma baridi kilichoizunguka huipoza upesi. Chuma chenye kaboni ya kutosha kikipoozwa hivyo huwa kigumu lakini chepesi kukatika, kama glasi. Kiungo huonekana kinene na chenye nguvu, na hukatika kando tu ya mshono. Kwa majani ya springi hali ni mbaya zaidi. Bushi za sheko zilizokatwa kwenye mpira wa tairi kuukuu nimeziona zikifanya kazi, wala siwalaumu mafundi wanaozichonga pale duka lilipo mbali, maana zikilika gari hupiga kelele tu. Tairodi ikikatika hakuna kelele ya kumwonya mtu.

Lililobaki lilikuwa kuyapanga magurudumu. Nilipokuwa nikisoma shahada ya uzamivu ng'ambo, kazi hii ilifanywa kwa mtambo uliojaza chumba. Tulitumia chaki, msumari na futi ya fundi cherehani. Gurudumu lililoinuliwa huzungushwa, na ncha ya msumari iliyoshikwa imara juu ya tofali huchora mstari kuizunguka tairi iliyopakwa chaki. Vivyo hivyo gurudumu la pili. Gari hushushwa na kusukumwa mbele kidogo ili springi zikae mahali pake. Kisha hupigwa alama kwenye mistari hiyo upande wa mbele, kwenye kimo cha kitovu cha gurudumu, na umbali kati ya alama hupimwa. Gari husukumwa tena hadi alama zile zile zifike upande wa nyuma, kimo kile kile, na kupimwa mara ya pili. Kwa kuwa alama ni zile zile, hata rimu iliyopinda haiharibu kipimo. Magurudumu yetu yalikuwa yameachana mbele kwa milimita 9 zaidi ya nyuma, jambo lililoeleza kulika kwa tairi upande wa ndani. Tuliizungusha tairodi mpya hadi mbele pakawa pembamba kuliko nyuma kwa milimita 2, tukakaza, tukaweka splitipini.

Tulipanda Newala siku ya tatu, bado gari likiwa na zile tairi kubwa, na kwa mwendo ule ule wa kilomita 60 tulilipitisha makusudi juu ya shimo. Usukani ulishtuka mara moja ukatulia. Kabla ya kuteremka, dereva alilala chini ya gari na kukaza upya yubolti za springi, kwa maana majani mapya hukaa sawasawa baada ya safari ya kwanza na nati hulegea. Zilikubali karibu robo mzunguko kila moja. Alisukuma grisi katika nipeli za pini na sheko hadi ile nyekundu yenye mchanga ikatoka yote na ikafuata iliyo safi. Akaniambia nimkumbushe kununua splitipini za akiba.